Kiingereza cha Kupindishia

Jumatatu jioni Fundi Chumvi aliingia nyumbani bila kuvua viatu, akaweka karatasi mezani, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

"Huu ni ukuu," akasema.

Mama Kitinda, mkewe, alikuwa anashona vifungo kwenye sare za shule alizokuja nazo kutoka karakana ya ushonaji anakofanya kazi. Aliitazama karatasi, kisha akamtazama mume. Miaka ishirini ya ndoa ilikuwa imemfundisha kugawa kwa mbili kila neno litokalo kinywani mwa mtu huyu, na siku za furaha kugawa kwa nne.

"Ukuu gani?"

"Mkuu wa mafundi. Afisa utumishi ameniita ofisini kwake, mwenyewe kwa mdomo wake. Nimekalia kiti."

"Kwani wenzako hukalia nini?"

"Wenzangu husimama mlangoni. Mimi nimekalia kiti chenye magurudumu."

Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kinachofua na kupiga pasi shuka za hoteli na hospitali. Jina la Chumvi alipewa kazini, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza kumwita hivyo, kwa sababu kila mtu aliona linamfaa. Panya akikatiza stoo ya sabuni asubuhi, saa ya chai Chumvi alikuwa ameshamfanya sungura, na wakati wa kutoka getini sungura alikuwa na watoto. Watu walicheka, wakamngoja kesho. Kazi ya shuka ni nzito na ya joto, na mtu wa namna hiyo ni kama feni.

"Na hii karatasi?" mkewe akauliza.

"Naiwekea saini tu, cheo kinafuata. Kabla ya Ijumaa. Mkaguzi wa usalama kazini anakuja kwa ajili ya ile ajali ya Kidoti."

Sindano ya Mama Kitinda ilisimama. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya doa jeusi shavuni, alikuwa mmoja wa wanawake wanaoingiza shuka kwenye rola, ile pasi kubwa ya mviringo inayomeza shuka mbichi upande mmoja na kuitoa kavu upande wa pili. Wiki mbili zilizopita ilimeza na mkono wake wa kulia. Vidole vitatu viliungua hadi ndani.

"Inasema nini?"

"Mambo ya kikazi."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma juu juu."

"Yaani umesoma jina lako."

"Na tarehe," akasema Chumvi.

Binti yao aliitwa kutoka chumbani. Alikuwa Kitinda, mziwanda, darasa la mwisho la sekondari, na Kiingereza chake kilikuwa ndicho Kiingereza cha nyumba nzima. Alisoma kimya, midomo ikicheza, huku bibi yake, mama wa Mama Kitinda, akichambua maharage kwenye ungo karibu na mlango.

"Baba, hii imeandikwa kama wewe ndiye unayesema. Mimi fundi fulani nakiri hivi na hivi. Hapa pameandikwa, 'I overstated'. Over ni juu ya. State ni dola." Alimtazama baba yake kwa huruma. "Nadhani umepindua serikali."

Bibi alicheka hadi maharage yakatawanyika. Chumvi naye alicheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza.

"Kwa kweli sina hakika, Baba," Kitinda akasema. "Overstate, misrepresent, maneno haya hatujayafikia. Nendeni kwa Mwalimu Mkato."

"Ya nini kusumbua mzee wa watu?" akasema Chumvi. "Saini ni saini."

Lakini usiku ule alilala akiwa na karatasi chini ya mto, na mkewe alimsikia akiigusa mara kwa mara.

Kufikia Jumanne mchana meza nzima ya ukataji vitambaa ilikuwa na habari kwamba Mama Kitinda ni mke wa mkuu wa mafundi. Hakuwa amekusudia kusema. Alimwambia mmoja tu, akamwomba asimwambie mtu, na kwa njia hiyo habari ikafika haraka zaidi. Mama wa pasi, aliyekuwa hamsalimii tangu mwaka jana, alimletea kiti. Mwingine aliuliza kama mkuu wa mafundi anaweza kumwangalizia mdogo wake nafasi yoyote pale kiwandani, hata ya kufagia.

"Tutaangalia," Mama Kitinda alijibu, na akashangaa jinsi neno hilo lilivyo tamu mdomoni.

Jioni ile Chumvi na binti yake walikwenda kwa Mwalimu Mkato. Alikuwa mstaafu, alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na jina lake lilitokana na wino mwekundu aliokuwa akimwaga kwenye madaftari ya wanafunzi waliosahau alama ya mkato. Hakutaka malipo. Alichokosa tangu astaafu ni wasikilizaji.

Aliwakalisha kwenye benchi la mwanafunzi, akabaki amesimama. Chumvi, mwenye miaka arobaini na sita, aliweka mikono juu ya magoti.

"Nani amekuandikia hii?"

"Afisa utumishi, Mwalimu."

"Anajua kazi yake." Alisema kwa sauti ya mtu anayesifu kisu kilichonolewa vizuri. "Sikilizeni. Waingereza wana kabati zima la nguo za uongo, na kila nguo ina mahali pake pa kuvaliwa. Mtoto wa mtaani akikuza jambo, ame-exaggerate. Ni kutia chumvi, samahani fundi. Hilo ni la kila siku, hata mama mkwe anaambiwa. Lakini chumvi ikiingia kwenye ripoti, kwenye hesabu, kwenye daftari la kazi, inavaa tai, inaitwa overstate. Hadithi ikirembwa maua huku shina lake ni la kweli, wamei-embellish. Usiseme mtu ame-embellish hesabu ya kuku. Hesabu hairembwi, hukuzwa. Mkigombana na mtu na yeye ageuze maneno yako, mwambie unaya-twist, yaani unayapinda. Na kama hapakuwa na jambo lolote, mtu amelitunga toka mwanzo, hiyo ni fabricate, na hapo mtu hutafuta wakili."

Kitinda alikuwa anaandika mbiombio.

"Kuna doctor pia," Mwalimu akaendelea. "Ndiyo, daktari. Hati nzima inaingia kwake, inatoka mgonjwa, imechezewa maneno."

"Na misrepresent?" Kitinda akauliza.

"Ah. Hilo ni la wenye suti. Kuonyesha kitu kwa sura isiyo yake. Uzuri wake ni kwamba halisemi kama ulijua au hukujua. Lina mlango wa nyuma. Ukimwita mtu muongo lazima uthibitishe; ukisema ame-misrepresent, unamwacha yeye ahangaike."

Kisha akawasomea karatasi kwa Kiswahili, polepole, kidole juu ya mstari. Ilisema kwamba palitokea tukio dogo. Ilisema kwamba mhusika, yaani Kidoti, hakulieleza kwa sura yake halisi. Ilisema kwamba fundi, kila alipoandika kwenye daftari la mashine juu ya ubovu wa kinga ya rola, alikuza mambo, na sasa anakiri kwamba kinga ilikuwa katika hali ya kuridhisha.

"Vidole vitatu ni tukio dogo?" Kitinda akauliza.

"Hiyo ni play down. Ndugu pacha wa overstate. Mmoja anapuliza puto, mwingine analitoboa. Angalia ustadi: fundi akisema kubwa, amekuza. Mkono ukiungua, ni kidogo. Mwisho wa karatasi unabaki na mwanamke aliyetia mkono wake kwenye rola kwa uzembe wake mwenyewe, basi na matibabu ni yake mwenyewe."

Chumvi alisimama. "Mimi niliandika kweli, Mwalimu. Kinga ilikufa. Niliandika."

"Uliandika vipi? Maneno yenyewe."

Chumvi aliyajua kwa moyo, kwa sababu siku ile aliyasoma kwa sauti mbele ya chumba kizima cha rola na watu wakapiga makofi. "Niliandika: Kinga ya rola imevunjika, nimesema mara mia, mashine hii itameza mtu mzima na viatu vyake."

Mwalimu Mkato alivua miwani.

"Mara mia?"

"Mara tatu."

"Na viatu?"

Chumvi aliangalia chini. "Rola haifiki miguuni."

"Basi fundi," akasema Mwalimu kwa upole, "hilo neno overstate halikukosea nyumba kwa mbali sana. Umewapa shuka, wao wamekunja tu."

"Saini," Mama Kitinda akasema Jumatano, baada ya kusimuliwa yote. "Neno lenyewe ni la kweli. Ulitia chumvi. Hata Mwalimu amekubali."

"Nilitia chumvi kwenye mboga iliyokuwepo. Wao wanasema hakukuwa na mboga."

"Baba Kitinda, nimeshawaambia watu."

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba umepata."

"Kabla sijapata?"

"Wewe uliingia hapa unapigapiga karatasi kama mtoto. Mimi nilijuaje?"

Alisema hivyo akiwa amegeuka, anakata uzi kwa meno, na Chumvi aliona kwamba ana aibu. Mwanamke huyu alikuwa ametembea kifua mbele siku mbili nzima kwa ajili yake, na hilo halikuwa limetokea siku nyingi.

Hata hivyo, alimwita Kitinda, wakakaa na daftari. Alikuwa ameamua kuandika maelezo yake mwenyewe, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushusha mota. Alianza, "Asubuhi ile mvuke ulikuwa umetanda kiwanda kizima kama," na binti akafuta.

"Kama nini, Baba? Mkaguzi hataki kama."

"Bila kama utaonekanaje?"

"Hautaonekana. Andika tarehe."

Aliandika tarehe. Aliandika kwamba wanawake wote sita wa rola walikuwa wanalia kila siku kwa hofu. Kitinda aliuliza nani alilia. Ikawa hakuna aliyelia, mmoja alinung'unika. Wakaandika kwamba mmoja alinung'unika. Aliandika kwamba amemwambia meneja hadi koo likakauka. Ikawa mara tatu: mbili kwa daftari na moja kwa mdomo, kwenye ngazi. Kila mstari uliofutwa ulimuuma Chumvi kama jino. Lakini walipofika mwisho alisoma ukurasa wote kwa sauti, na akaona una kitu ambacho hadithi zake hazikuwahi kuwa nacho. Haukuhitaji mtu acheke.

"Hapo sawa," akasema. "Hapo hata meza inasimama bila miguu." Kitinda alimtazama. "Miguu inayo," akajirekebisha.

Bibi alikuwa amesikiliza yote kutoka kwenye mkeka wake. Hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Juu ya somo la Mwalimu alikuwa ametoa neno moja tu: kwamba kuzua, kupindisha, kusingizia, kupaka mafuta na kufunika kombe ni vya hapa hapa, havikuja na meli.

"Baba Kitinda," akasema, "mimi sijui mashine. Niulize?"

"Uliza, mama."

"Hiyo kinga ni kitu gani?"

"Ni upau, mama, mbele ya mdomo wa rola. Vidole vikiugusa, mashine inasimama papo hapo."

"Na upau wenyewe ukivunjika?"

"Haiwaki kabisa. Imetengenezwa hivyo, ili watu wasifanye kazi bila kinga."

"Ahaa." Bibi alichagua jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje. "Sasa kama kinga ilivunjika, na mashine haiwaki, siku ile iliwakaje?"

Kitinda alikuwa ameshika kalamu. Mama Kitinda alikuwa ameshika uzi. Wote wawili walimtazama Chumvi.

"Kuna waya," akasema mwishowe. "Unaunganisha nyaya mbili nyuma ya swichi. Mashine inadhani kinga ipo."

"Nani aliunganisha?" Mama Kitinda akauliza, ingawa alishajua.

"Mimi."

Akaeleza, na safari hii hakuna aliyelazimika kufuta. Shuka za hoteli zilikuwa zinangojwa. Meneja alisema kifaa kitakuja wiki ijayo, unganisha kwa leo. Leo ile ilidumu siku arobaini na moja. Aliandika kwenye daftari baada ya kuunganisha, kisha akaandika tena, na kila alipoandika alijisikia amenawa mikono.

Kitinda alifungua kurasa alizoandika kwa Mwalimu, akatafuta kwa kidole. "Kuna moja alitupa tukiwa tunaaga. Economical with the truth. Alisema ni kubania ukweli. Kila ulichosema ni kweli, ila umeacha kile chenyewe. Alisema huambiwa wakubwa, kwa sababu ni aibu kumwita mkubwa muongo." Alifunga daftari. "Samahani, Baba."

"Sasa mkubwa nimekuwa," akasema Chumvi. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakutaka wacheke.

Mama Kitinda aliweka sare pembeni. Habari ya ukuu ilikuwa imemtoka kichwani kama mtu aliyeitwa ghafla na mtoto anayelia.

"Kidoti anajua?"

"Sijui."

"Kesho ukitoka kazini tunakwenda wote wawili."

Kidoti alikuwa na chumba kimoja na ua wa kushirikiana na wapangaji wengine. Waliukuta mlango wazi, yeye amekaa kitandani anajaribu kufunga blauzi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kifundo, mnene kama kichwa cha mtoto. Vifungo viwili vya juu vilikuwa vimemshinda.

"Karibuni. Chumvi mwenyewe, na mke wa mkubwa. Nasikia ni mkuu wa mafundi sasa. Nisimame?"

"Kaa, mdogo wangu," Mama Kitinda akasema. Alikaa karibu naye na, bila kuomba, akamfunga vile vifungo viwili. Kidoti alimwachia, akiangalia ukutani.

Chumvi alibaki wima, maana hakukuwa na kiti kingine. Njiani alikuwa ameandaa utangulizi mrefu, wenye hali ya vipuri na tabia za mameneja. Alipouona ule mkono, utangulizi ukapotea.

"Swichi ya rola niliiunganisha mimi," akasema. "Kwa waya. Kinga ilikuwa imekufa, mashine haikutakiwa kuwaka. Meneja aliniambia, lakini mkono uliounganisha ni wangu. Nimekuja kukwambia kabla sijamwambia mkaguzi."

Kidoti hakushtuka.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuja mapema siku ile. Ulikuwa umeinama nyuma ya swichi, unaimba. Nikafurahi. Nikawaambia wenzangu, jamani, leo Chumvi ametutengenezea rola."

Nje, mpangaji mmoja alikuwa anamwaga maji.

"Ningejua haina kinga ningeweka mkono mbali," Kidoti akaendelea. "Si ndivyo tulivyofanya mwaka juzi upau ulipokuwa unachelewa kusimamisha mashine? Tulisukuma shuka kwa kipande cha ubao. Ilikuwa ni wewe kusema tu. Wewe unaongea toka getini mpaka getini. Umetusimulia panya, umetusimulia jirani yako na mbuzi wake, ukatusomea mpaka la mtu kumezwa na viatu vyake, tukakupigia makofi. Tulidhani ni la ubovu wa zamani, umeshautengeneza. La ule waya ndilo ulilonyamazia."

"Ndiyo," Chumvi akasema.

"Usiniombe msamaha leo. Sijafika huko."

"Sijaomba."

"Vizuri."

Mama Kitinda aliuliza kama ana mtu wa kumfulia. Kidoti alisema dada yake huja Jumapili. Mama Kitinda alichukua beseni la nguo chini ya kitanda, akalibeba, na wakaaga. Njiani mume alijaribu kumpokea beseni, akakataa kwa bega.

Ijumaa chumba cha mkutano kilikuwa na jagi la maji na glasi tatu, za afisa utumishi, meneja na mkaguzi; fundi hakuwekewa. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, aliyeweka leso yake juu ya meza kama mtu aliyezoea kukaa muda mrefu katika vyumba vya watu wasiofurahi kumwona.

Chumvi alitoa ukurasa wake. Ile karatasi ya Kiingereza aliiweka chini ya ukurasa huo, bila saini.

"Maelezo rasmi yameshaandaliwa," afisa utumishi akasema. "Na lugha ya kumbukumbu za ofisi ni Kiingereza."

"Mimi nasoma zote mbili," mkaguzi akajibu, na akaanza na ya Kiswahili.

"Naomba nieleze kitu kimoja kuhusu huyu bwana," afisa utumishi akasema, kwa tabasamu la mtu anayesema jambo la kifamilia. "Ni fundi mzuri, lakini kiwandani wanamwita Chumvi. Ana tabia ya kukuza mambo. Muulize mtu yeyote."

"Ni kweli?" mkaguzi akamuuliza Chumvi.

"Ni kweli."

Afisa utumishi alikuwa amejiandaa kwa ubishi; akajimiminia maji.

Mkaguzi alivuta daftari la mashine. "Hapa umeandika umesema mara mia."

"Ni mara tatu. Tarehe zipo hapo kwenye ukurasa wangu."

"Na hapa, kwamba mashine itameza mtu mzima."

"Imemeza vidole vitatu."

Mkaguzi alipiga chafya, akajifuta, akasoma mstari wa mwisho. Akausoma mara ya pili. "Hapa unasema swichi iliunganishwa kwa waya ili mashine iwake bila kinga. Nani aliiunganisha?"

"Mimi."

"Nani alikuambia?"

Chumvi alimtazama meneja. Meneja alikuwa mtu mpole kwa kawaida, mwenye mazoea ya kuuliza watoto wa wafanyakazi wamefika darasa la ngapi.

"Mimi nilimwambia aunganishe kwa siku moja tu," meneja akasema. "Siku moja."

Kisha akasikia alichokisema. Afisa utumishi alifunga macho. Katika Kiingereza chake chote hapakuwa na neno la kuivalisha sentensi ile.

"Asante," mkaguzi akasema, na akaandika.

Rola ilifungwa kwa mkanda mwekundu siku hiyo hiyo. Kiwanda kiliandikiwa kubeba matibabu ya Kidoti na kumpa fidia yake ya kuumia kazini. Meneja alihamishiwa tawi jingine, kwa cheo kile kile. Chumvi alisimamishwa kazi mwezi mmoja bila mshahara, kwa barua ya Kiingereza yenye neno negligence. Kitinda alilitafsiri, uzembe, bila kwenda kwa Mwalimu, na Chumvi alisema hilo limekaa sawasawa, halijakuzwa wala halijapunguzwa. Mkuu wa mafundi aliletwa kutoka nje, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni.

Mama Kitinda aliingia karakana Jumatatu akajua kutokana na ukimya kwamba wameshasikia. Kiti cha mama wa pasi kilikuwa kimerudi kwa mama wa pasi. Yule aliyemwombea mdogo wake nafasi alimwangalia kwa masikitiko kidogo na furaha kidogo.

"Mama Kitinda, si ulituambia mkuu wa mafundi?"

Majibu aliyokuwa ameyapanga njiani yalikuwa matatu: kwamba amekataa cheo mwenyewe, kwamba kimeahirishwa, kwamba watu wana wivu. Yote matatu yalikuwa mazuri. Alivuta stuli, akakaa.

"Niliwahi mno kusema," akasema. "Hajawa mkuu. Yuko nyumbani mwezi mzima, ana makosa yake. Nipitishieni mkasi."

Mtu fulani alimpitishia mkasi. Siku nzima hakuna aliyemuuliza jingine, na jioni yule mwenye mdogo wake alimsaidia kubeba furushi hadi barabarani. Mwezi huo alishona vifungo vya sare mpaka ncha za vidole zikawa ngumu, na mumewe, aliyekaa nyumbani bila hadithi mpya, alijifunza kupika bila kuunguza.

Kinga mpya ya rola ilifika siku mbili baada ya Chumvi kurudi kazini. Aliifunga mwenyewe asubuhi, huku mkuu mpya amesimama nyuma yake na kalamu zake. Aliung'oa ule waya, akaukatakata vipande, akavitia ndoo ya takataka. Hakuimba.

Wanawake wa rola walikuwa wanangoja na matoroli ya shuka mbichi. Kidoti alikuwa amerudi juma lile. Bendeji ilikuwa imetoka; vidole viwili vilikuwa vimepona vikiwa vimepinda, cha tatu kilibaki nusu. Walikuwa wamempa meza ya kukunja foronya, upande wa pili wa chumba. Aliacha foronya zake, akaja akasimama mbele ya wenzake.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Inafanya kazi?"

Zamani angesema inafanya kazi kiasi kwamba hata nzi akitua inapiga magoti. "Inafanya kazi," akasema.

"Washa."

Aliwasha. Rola ilianza kuzunguka, ikinguruma kwa joto, na hewa iliyo mbele ya mdomo wake ikaanza kutetemeka.

"Tia mkono wako."

Mkuu mpya alifungua mdomo kusema kitu kuhusu utaratibu. Wanawake watano walimtazama, akaufunga.

Chumvi alikunja shati hadi kiwiko. Alinyoosha mkono wa kulia, vidole mbele, akausogeza kwenye mdomo wa rola hadi ukagusa upau. Mashine ikasimama. Ukimya wake ulikuwa wa ghafla kiasi kwamba walisikia matone kwenye matoroli.

Kidoti aliuangalia mkono ule, mzima, vidole vitano, na jasho likitiririka kuelekea kiwiko.

"Rudia," akasema.

Akawasha tena.